Vibandiko Vitatu vya Chura Mkuu

Shule ile ilikuwa na Mwalimu Mkuu, na ilikuwa na Chura Mkuu. Mwalimu Mkuu alipewa cheo chake na idara, kwa barua yenye muhuri. Chura Mkuu alipewa chake na wanafunzi, bila barua, na kwa kuwa wanafunzi humaliza wakaja wengine, cheo kile kilirithishwa kidato hadi kidato, mpaka hata muuza karanga wa getini akawa halijui jina lake la kuzaliwa. Kazi yake halisi ilikuwa mhudumu wa maabara. Yaani aliosha mirija ya vioo, akafuta meza, akazifungia chupa za tindikali kabatini, na akawaambia watoto wasiguse kitu. Alikuja kwa wiki mbili tu, kumshikia nafasi mtu aliyekuwa mgonjwa. Wiki mbili zile zilikuwa zimefika miaka ishirini na sita.

Kuhusu vyura, ilikuwa hivi. Katika mwaka wake wa pili, chupa yenye chura aliyehifadhiwa kwenye dawa ilimponyoka ikavunjika. Mwalimu wa baiolojia wa wakati huo, mtu wa hasira za karibu, akamwambia, "Katafute mwingine, na usirudi mikono mitupu." Nyuma ya shule palikuwa na kinamasi, ekari tatu hivi za matete na maji ya magotini. Aliingia humo na ndoo, akatoka na chura mzima, mwenye macho na pumzi zake. Alipowekwa mezani, wanafunzi arobaini waliokuwa wakisinzia wakaamka wote. Chura akaruka, akatokea dirishani, na somo zima likamfuata nje. Tangu wiki ile, kila Ijumaa mchana, mhudumu wa maabara aliwachukua wanafunzi waliotaka, akaenda nao kinamasini kusikiliza na kuhesabu.

Hakusomea mambo hayo popote. Mtihani wa darasa la mwisho ulimshinda mara mbili, na baba yake, mchimba visima, akasema mara ya tatu itakuwa ni kumsumbua Mungu. Lakini masikio alikuwa nayo. Aliwajua vyura wa aina kumi na moja kwa sauti tu, na watoto waliwapa majina: Mgonga Bati, Mkohozi, Seremala, na mmoja mdogo kuliko ukucha wa kidole gumba, waliyemwita Mheshimiwa kwa sababu alipiga kelele nyingi na hakuonekana. Hesabu zote aliziandika kwenye madaftari, kwa penseli. Mwaka mmoja Mkohozi alitoweka. Chura Mkuu akawaambia watoto kuna kitu kimemwagwa huko maji yanakotoka, wakaufuata mtaro mtaa kwa mtaa mpaka gereji moja ambako fundi alikuwa akimwaga mafuta machafu. Hawakumtukana. Walimwomba aje Ijumaa wamwonyeshe. Alikuja, akasikiliza kimya, na kuanzia hapo akawa anayaweka mafuta yake kwenye pipa. Msimu uliofuata Mkohozi alirudi. Hakuna aliyeyaita hayo elimu ya mazingira. Waliita kwenda kwa vyura.

Basi ikaja barua ya Mpango Shirikishi wa Kanda wa Elimu ya Mazingira na Maendeleo Endelevu. Msomaji avute pumzi, ndivyo ulivyoitwa. Wilaya tano za kanda ile zilitakiwa kukaa pamoja, watu wawili kila wilaya, wakubaliane namna moja ya kuwafundisha watoto kutunza maji, udongo na miti, badala ya kila wilaya kuvutia kwake. Jambo lenyewe ni zuri, na asinisingizie mtu kwamba nalipinga. Kutoka wilaya yetu waliitwa mwalimu wa michezo wa shule jirani, na Mwalimu Mkuu.

Mwalimu Mkuu alikuwa mdogo wa mke wa Chura Mkuu. Kazini bosi, nyumbani shemeji, na mara nyingi yeye mwenyewe alichanganya lipi ni lipi. Alikwenda warsha siku ya kwanza. Jioni akapita nyumbani kwa dada yake, akalegeza tai na kuketi kwenye kiti cha wateja, kwa maana dada yake alikuwa fundi cherehani na sebule ndiyo iliyokuwa duka.

"Shemeji, kesho nenda wewe," alisema. "Mimi nina wakaguzi."

"Nikafanye nini?"

"Ukae. Leo tumeshaongea kila kitu. Kesho ni kubandika tu."

"Kubandika nini?"

"Utaona wenzako wanavyofanya."

Ukumbi wa warsha ulikuwa na viti vilivyovikwa vitambaa na mashine ya baridi iliyokoroma kuliko Mgonga Bati. Ukutani ilitundikwa ramani ya kanda nzima, imezungukwa na kadi za rangi nne. Mwezeshaji alikuwa mama mmoja mpole, kalamu nene tano zimening'inia shingoni, na alizungumza bila kupumzika. Alisema wadau. Alisema kujengeana uwezo. Alisema kuoanisha vipaumbele, ngazi ya kati, matokeo tarajiwa. Chura Mkuu aliyaandika yote, neno chini ya neno, na kufika saa nne alikuwa hajui mbele wala nyuma. Alitazama kushoto, akamwona afisa mifugo wa wilaya ya nne akitikisa kichwa kwa kukubali. Akatazama kulia, mama mwenye kitalu cha miche naye akitikisa. Naye akatikisa. Ndiyo kawaida ya watu wazima mkutanoni: kila mmoja anaona ni yeye peke yake aliyepotea, na aibu inamfunga mdomo.

Kisha kila mtu akapewa vibandiko vitatu vya kijani, vya duara. "Sasa, ndugu wadau, twendeni kwenye ramani," mwezeshaji alisema. "Kuna sehemu tano tumezizungushia, moja kwa kila wilaya. Kila mmoja aweke vibandiko vyake pale anapoona panafaa zaidi kwa elimu ya mazingira."

Hapo furaha ikamjia. Kwa mara ya kwanza siku ile alikuwa amesikia sentensi akaielewa mwanzo hadi mwisho. Aliinuka kabla ya wengine, akaenda kwenye ramani moja kwa moja. Namba tatu ilikuwa kinamasi chake. Kimechorwa, kimezungushiwa wino mwekundu. Alijisemea, kumbe wanakijua, kumbe kuna watu wamekaa mahali wakakifikiria. Akabandika vyote vitatu, akavikandamiza kwa kidole gumba visije vikadondoka. Nyuma yake wakaja wengine, na ramani ikapata kijani hasa pale namba tatu. Vibandiko kumi na tisa kati ya thelathini. Watu wakapiga makofi, akapewa karatasi, akasaini.

Asichokijua, na wala hakuna aliyemweleza, ni kwamba siku ya kwanza ilikubaliwa kanda ijenge Kituo cha Kujifunzia Mazingira, na vibandiko ndivyo vitakavyochagua kiwanja.

Wiki tatu baadaye, akiwa kwenye matete na wanafunzi kumi na wanne, aliona wanaume wawili wenye buti ndefu wakipiga vigingi. Wapima ardhi. Aliwauliza wanapima nini, wakamwonyesha karatasi. Chini kabisa, katika orodha ya waliochagua, jina la kwanza lilikuwa lake. Alilisoma mara mbili kwa sababu lilikuwa lile la kuzaliwa, na hakulizoea.

Alikwenda ofisini kwa Mwalimu Mkuu na tope hadi kwenye mapaja. Yule alisimama kumpokea, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Shemeji, umetufaa," alisema. "Ukumbi wa watu mia mbili. Vyoo kumi na viwili. Umeme wa jua. Tuna vyoo viwili kwa watoto mia sita, unajua mwenyewe foleni ile."

"Unajengwa wapi huo ukumbi?"

"Si pale ulipobandika?"

"Na kinamasi?"

"Kitajazwa kifusi. Huwezi kusimamisha nguzo kwenye matope."

"Humo ndani watafundishwa nini?"

"Mazingira."

"Yapi?"

Mwalimu Mkuu alikuna sikio. Hakuwa mtu mbaya, na swali lilimgusa. "Kutakuwa na picha ukutani," alisema. "Picha kubwa. Nitahakikisha na vyura wamo."

Kesho yake gwaride la asubuhi lilimpigia makofi, watoto wakipiga miguu chini kwa furaha ya vyoo. Alisimama mbele yao akitabasamu vile mtu anavyotabasamu kwenye picha ya kitambulisho. Alikuwa amekiuza kinamasi kwa kukipenda. Aligeuza jambo hilo kichwani huku na huku, na kila alivyoligeuza halikumkaa.

Jioni alimsimulia mkewe. Mke alikuwa akipinda suruali, pini tatu mdomoni, na alimwacha amalize.

"Ulipokwenda kubandika, ulimwuliza mtu ni vya nini?"

"Nilidhani nimeelewa."

"Hapo ndipo vitambaa vinapoharibika," mke alisema, akizitoa pini moja moja. "Asiyejua kukata huniuliza. Anayedhani anajua ndiye anayeniletea gauni lenye mkono mmoja. Nenda ukawaambie umekata vibaya."

"Na vyoo?"

Mke aliirudia suruali yake. Watoto wake wanne wote walisoma pale, na wote walipanga foleni ile. "Hilo sijui," alisema mwishowe. "Nenda tu."

Kikao cha mapitio kilifanyika ukumbi uleule. Chura Mkuu alinyosha mkono mapema, kabla ujasiri haujamtoroka. Alisema hakuwepo siku ya kwanza. Alisema alidhani wanaonyesha mahali pa kulindwa, kumbe wanaonyesha mahali pa kujenga. Akaketi. Mashine ya baridi ikakoroma.

"Asante kwa mchango," mwezeshaji alisema kwa upole. "Katika mchakato shirikishi hakuna jibu lisilo sahihi."

"Langu si sahihi, mama," alisema.

Kisha mama wa kitalu akakohoa. "Na mimi niseme ukweli," alisema. "Nilibandika pale kwa sababu nilimwona huyu kaka ameinuka haraka. Nikasema, huyu anajua."

"Mimi ni dereva," alisema kijana mmoja wa wilaya ya tano, ambaye tangu siku ya kubandika alikuwa akiitwa mheshimiwa mwakilishi. "Bosi alipata dharura, akaniambia nisibaki garini, nipande juu nibandike."

Mmoja baada ya mwingine wakafunguka. Mwezeshaji akaomba waliokuwepo siku ya kwanza wanyoshe mikono. Kati ya watu kumi, ilinyoshwa mitatu. Wengine wote walikuwa wametumwa na waliotumwa. Mama yule alizitoa kalamu shingoni, akaziweka mezani, akakaa. Bila zile kalamu alikuwa mtu wa kawaida, tena amechoka. Alisema amefanya warsha hizi miaka sita na hajawahi kuuliza swali hilo, na hajui kwa nini.

Ikaamuliwa kubandika upya. Safari hii alieleza mara tatu: hapa ni mahali pa kujenga, pa kusawazisha, pa kumwaga zege. Kiwanja kipatikane leo, la sivyo kituo kitakwenda kanda nyingine. Sehemu itakayoshika nafasi ya pili itakuwa akiba. Zikilingana, vigingi vibaki vilipo. Alhamisi ya wiki inayofuata watu wote watakutana kusaini waraka wa mwisho. Chura Mkuu akaambiwa abandike mwisho kabisa, asije akawaongoza wenzake tena. Watu walicheka, naye akacheka.

Alidhani akishasema ukweli mambo yatanyooka. Hayakunyooka. Mwalimu wa michezo aliyetoka wilaya yake mwenyewe aliweka vyote vitatu kwenye kinamasi, kwa sababu alitaka ukumbi wa kuchezea mpira wa wavu. Wawili wengine wakamfuata, wakisema vigingi vimeshapigwa, ya nini kurudi nyuma. Watatu wakabandika namba nne. Waliobaki wakatawanya vyao. Ilipofika zamu yake, kinamasi kilikuwa na tisa na namba nne ilikuwa na tisa.

Watu wote wakamtazama.

"Hapo namba nne pana nini?" aliuliza.

Afisa mifugo alikuwa akichomoa waya wa simu yake ukutani. "Hapana kitu," alisema. "Ukingo wa udongo na nyasi. Hata ng'ombe hawapendi."

"Umefika?"

"Napita pale barabarani kila siku."

Nje magari yalikuwa yameshawashwa. Chura Mkuu aliangalia ramani. Namba nne ilikuwa kiduara tu, pembeni ya mstari wa barabara, bila mchoro wowote ndani. Alitaka kuuliza jambo jingine na hakujua ni lipi. Vibandiko vilikuwa vimemganda vidoleni, akavibandua kimoja kimoja, akavibandika pale. Kumi na mbili kwa tisa. Makofi yakapigwa, mama wa kitalu akamshika bega, na kinamasi kikaandikwa akiba.

Vigingi viling'olewa siku iliyofuata. Mwalimu Mkuu hakumgombeza. Alifanya vibaya zaidi: alianza kumwandikia vikaratasi. "Kwa mhudumu wa maabara: hakikisha milango imefungwa." Hata nyumbani kwa dada yake hakupita tena wiki ile. Watoto nao walimtazama kwa macho ya maswali, hasa wakiwa kwenye foleni ya chooni. Alitakiwa kufurahi. Alijiambia afurahi, akajaribu, ikawa kama kujilazimisha kupiga chafya. Ijumaa alihesabu Seremala mara tatu na kila mara akapata idadi tofauti, kitu ambacho hakikuwahi kumtokea.

"Kwa hiyo kituo kimehamia wapi?" msichana mmoja wa kidato cha pili alimwuliza huku akikamua maji kwenye pindo la sketi.

"Kwenye ukingo mmoja. Wilaya ya nne."

"Ukingo una nini?"

"Hauna kitu."

"Umeuona?"

Akajifanya anamsikiliza Mkohozi.

Jumamosi asubuhi alipata lifti ya lori la mchanga. Dereva alimshusha kwenye kona, akamwuliza mara mbili kama ana hakika ni hapo. Palikuwa na nyasi, na mbele yake ukingo wa udongo mwekundu, kimo cha watu wawili, uliochongwa na maji ya mvua za zamani. Vigingi vilikuwa vimepigwa juu yake na mbele yake. Alisimama akashusha pumzi. Afisa alikuwa amesema kweli, hapakuwa na kitu. Aliona moyo unaanza kutulia, akapiga hatua mbili, na nusura amkanyage mtoto.

Walikuwa ishirini na kitu, watoto wa shule ya msingi, wamelala kifudifudi nyasini, kila mmoja na kipande cha karatasi. Hakuna aliyesema neno. Katikati yao alilala mwanamke kijana, viatu amevua, naye alimwekea kidole mdomoni kumnyamazisha. Ndipo Chura Mkuu akautazama ukingo vizuri. Ulikuwa umejaa matundu. Toka juu hadi chini, matundu ya kuingia ngumi, na kutoka humo walichomoka ndege wadogo wa kijani wenye midomo myembamba, wakadaka wadudu angani, wakarudi kila mmoja kwenye tundu lake bila kukosea.

Mwanamke alimtambaalia hadi alipo. "Shikamoo," alinong'ona. "Mimi ni mwalimu wa darasa la tano. Wewe ni wa mradi?"

"Marahaba. Kiasi," alisema.

"Basi unisaidie. Wamesema ukingo utasawazishwa. Nimekwenda wilayani, wakanijibu walibandika watu wa kanda nzima, uamuzi ni wa wote. Nikawauliza hao wote ni akina nani. Hakuna aliyenijibu."

"Wewe hukuitwa?"

"Barua ya wilaya yetu alipewa afisa mifugo. Sijawahi kumwona huku chini."

Angeweza kusema yeye ni mpita njia. Lori lilikuwa limeshaondoka na hakuna aliyemjua. "Vibandiko vitatu vya mwisho vilikuwa vyangu," alisema. "Ndivyo vilivyoamua."

"Kwa nini hapa?"

"Niliambiwa hapana kitu."

Ndege mmoja aliingia tunduni na nyuki mdomoni. Mtoto wa karibu akaandika mstari kwenye karatasi yake.

"Na ukiviondoa?"

"Vinalingana. Vikilingana, kinarudi kwetu. Na kwetu pia..." Alikwama. Miaka ishirini na sita alikuwa amewaeleza watoto mambo yaleyale bila kigugumizi, na sasa maneno hayakumtii. Aliona haya, na chini ya haya palikuwa na hofu, na hakuweza kuzitenganisha. Alisubiri atukanwe. Alitamani kutukanwa, angalau hapo angejua amesimama wapi.

Mwalimu wa darasa la tano hakumtukana. Aliegemeza kidevu kwenye mikono yake.

"Na huko kwenu pana nini?" aliuliza.

Vikao viwili alivyohudhuria, na kadi za rangi nne, na wadau kumi, na ramani ya ukuta mzima, na hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa amemwuliza hivyo. Alisema yote kwa mnong'ono: matete, maji ya magotini, aina kumi na moja, Mkohozi alivyopotea na kurudi, Mheshimiwa asiyeonekana. Mwalimu alicheka kimyakimya mpaka mabega yakatikisika, kisha akaacha kucheka, na wote wawili wakautazama ukingo.

"Alhamisi kuna kusaini," Chura Mkuu alisema. "Njoo."

"Kama nani? Sina barua."

"Hata mimi sikuwa nayo. Njoo na hesabu zenu. Nami nitakuja na zangu, nitasimama niseme nimekosea tena."

"Watakucheka."

"Watacheka."

"Na kinamasi chako?"

Aliwaza kifusi kikimwagwa, akawaza foleni ya vyoo viwili, akawaza shemeji yake na vikaratasi vyake, na yote yalikuwa ya kweli kwa wakati mmoja. "Sijui," alisema. "Haki ya Mungu, mwalimu, sijui. Lakini njoo."

Mwalimu aliusogeza mkoba wake kumpisha. "Lala chini basi," alisema. "Ukisimama hivyo unawatisha."

Akalala kifudifudi nyasini, mtu wa miaka hamsini na minne na shati lake la kutokea. Msichana wa pembeni alimpa nusu ya karatasi yake na kumwelekeza aanzie kushoto, mstari mmoja kwa kila tundu lenye mwenyewe. Alihesabu hadi sabini na moja, ndege wakapishana, akapoteza. Akamwomba msichana penseli kali zaidi, akaanza tena kutoka kushoto.